Barua ya Wazi kwa Wahariri: Ziwa Tanganyika Linapata Joto Hata Lisipofurika

Kwa wahariri, watangazaji na waandishi wa habari wa magazeti, redio na televisheni za Kiswahili.

Ndugu zangu,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu nimeshazungumza na wengi wenu mmoja mmoja bila kuona mabadiliko. Mimi ni mtafiti wa maji baridi hapa Kigoma. Kazi yangu ni kufuatilia jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoligusa Ziwa Tanganyika: joto la maji, upepo, mwani, oksijeni, na mwishowe samaki. Nimehojiwa redioni, nimekaa kwenye viti vya studio, nimepokea simu za waandishi usiku wakati gazeti linakaribia kwenda mtamboni. Sina ugomvi na mtu. Najua mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka, na nauli ya kwenda mwaloni mara nyingi anaitoa mfukoni mwake. Lakini habari za ziwa hili zinavyoandikwa zinawaumiza watu wanaoishi kwa ziwa, na mimi nimechoka kuliona hilo na kunyamaza.

Kwanza niseme jambo lenyewe, maana ndilo linalokatwa kila mara ili kupisha tangazo la biashara.

Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470 pale linapozama zaidi, na lina karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yasiyoganda. Pamoja na kina hicho chote, samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea mahali na msimu, hakuna oksijeni. Huko chini ndiko kwenye akiba ya virutubisho vilivyozama kwa karne na karne. Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea Bujumbura; upande wa Mpulungu, kule Zambia, maji ya baridi yanapanda kuziba nafasi, na upepo ukishatulia ziwa linaendelea kuyumba ndani kwa ndani kwa muda mrefu. Virutubisho vinapanda, mwani unamea, vidudu vya majini vinakula mwani, dagaa wanakula vidudu, migebuka wanakula dagaa, nasi tunakula wote wawili. Sasa maji ya juu yanapata joto haraka kuliko ya chini. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta kwenye mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya kama zamani. Chakula kinabaki chini. Hakuna anayeliona hilo kwa macho. Hakuna mti unaokauka wala nyumba inayoanguka. Ni mlolongo unaoanza na upepo na kuishia sufuriani, na hauna tukio moja la kupiga picha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnakuja ziwa likifurika, likitulia hamwonekani.

Maji yalipopanda miaka hii ya karibuni, yakaingia kwenye nyumba na mialo huku kwetu, yakawahamisha watu Gatumba kule Burundi na Uvira kule Kongo, simu yangu haikupumzika. Swali lilikuwa lile lile: je, haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi? Nikianza kueleza kwamba kina cha ziwa na joto la ziwa ni mambo mawili tofauti, naambiwa muda umekwisha.

Naomba nieleze hapa ambapo hakuna wa kunikatiza. Kina cha Tanganyika ni hesabu ya mvua na mito inayoingia, kutoa mvuke unaopanda angani na maji yanayotoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo. Sehemu kubwa zaidi ya maji hutoka kwa mvuke, kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi inatosha kulipandisha ziwa, na miaka michache ya ukame inatosha kulishusha. Msafiri Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliukuta mdomo wa mto umezibwa. Maji yakaendelea kupanda hadi yalipoufungua miaka miwili hivi baadaye, kisha ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha tena sana, na wazee wa Ujiji wanaikumbuka miaka hiyo. Kwa hiyo mtu akisema ziwa limewahi kupanda kabla ya magari na viwanda kuwa vingi, anasema kweli. Tabianchi inayobadilika inaweza kuongeza ukali wa mvua, na wataalamu wa hali ya hewa wanalifanyia kazi hilo. Lakini joto la maji halipandi na kushuka kwa mtindo huo. Tope la chini ya ziwa, lililochunguzwa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba maji ya juu yana joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyopita.

Mnapochanganya mambo haya mawili, maji yakishuka watu wanadhani tatizo limekwisha. Na yatashuka. Siku hiyo hamtakuwepo kuwaambia kwamba joto limebaki.

2. Mnapima ukubwa wa habari kwa ukubwa wa namba.

Mtangazaji mmoja alinisikiliza nikisema joto la maji ya juu limepanda kwa kiasi kisichofikia nyuzi joto moja na nusu ndani ya karne moja, akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo ni ndogo, tupe kitu kikubwa." Hakuwa na nia mbaya. Alitaka wasikilizaji wake wabaki. Lakini alikuwa amekaa juu ya habari yenyewe bila kuijua.

Mwaka 2015 watafiti wa nchi nyingi walichapisha vipimo vya maziwa 235 duniani, vya kuanzia 1985 hadi 2009. Kwa wastani maji ya juu yalikuwa yakiongezeka joto kwa nyuzi 0.34 kila miaka kumi, na maziwa ya kaskazini yanayoganda wakati wa baridi ndiyo yaliyokuwa yakiongoza. Nilisoma baadhi ya habari zilizotokana na utafiti huo zikisema maziwa ya Afrika yako salama zaidi kwa kuwa yanapata joto polepole. Si kweli, na sababu yake ni ya fizikia ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuielewa. Maji yakitoka nyuzi 5 kwenda 6 wepesi wake haubadiliki sana. Yakitoka nyuzi 25 kwenda 26, badiliko la wepesi ni kubwa mara kumi hivi. Ziwa letu liko kwenye hizo nyuzi 25 na 26. Nusu nyuzi kwetu inafunga mlango ambao kwa ziwa la Ulaya ingeutikisa tu. Hiyo ndiyo habari kubwa, na ingejaza ukurasa mzima kama mhariri angeruhusu aya mbili za maelezo.

3. Mnaondoa maneno "huenda" na "inakadiriwa" kana kwamba ni uchafu.

Hili limenigharimu, nami nitalieleza kwa urefu.

Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu ziwa hili. Walichimba tope la chini, tope linalolala tabaka juu ya tabaka mwaka hadi mwaka. Ukiyakata matabaka yake na kuyapeleka maabara, aina za kaboni zilizomo zinakuonyesha mwani ulikuwa unamea kiasi gani enzi zilizopita. Walitazama pia kumbukumbu za joto na za upepo, ambao ulikuwa umepungua kasi. Wakahitimisha kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba kushuka huko kunaweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 hivi wa mavuno ya samaki. Mwaka huo huo kundi jingine, likiongozwa na Piet Verburg, lilichapisha katika jarida la Science matokeo yanayoelekea huko huko, likilinganisha vipimo vipya na vile vilivyochukuliwa ziwani mwaka 1913. Ni kazi nzito. Lakini hakuna aliyehesabu samaki mmoja mmoja. Ile asilimia 30 ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio, na wenyewe walisema hivyo.

Nilipoueleza utafiti huo kwa mwandishi wa gazeti moja, nilitamka "huenda" na "inakadiriwa" makusudi, kila mahali panapostahili. Gazeti lilitoka na kichwa cha habari kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika wanakwisha. Jina langu lilikuwa chini yake, pamoja na cheo changu.

Wiki ile nilikuwa mwaloni kuchukua vipimo. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa akigeuza dagaa kwenye kichanja, mikono yote imeng'aa kwa magamba. Hakuacha kazi aliponiona. Aliniuliza, "Mwanangu, ni wewe uliyesema samaki wanaisha?" Kabla sijajibu akaendelea, "Kwenye kikoba wamenikatalia mkopo. Mwenyekiti kashika gazeti, ananiambia biashara ya dagaa haina mwaka. Mimi watoto wangu wanasoma kwa dagaa hawa." Nikamweleza nilichosema na nisichosema. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nawapelekea nyinyi kama yalivyo: "Sasa hayo mbona hawakuyaandika?"

Nilimwandikia mhariri kuomba sahihisho. Likatoka baada ya siku nyingi, ukurasa wa ndani, mistari michache iliyosema kwamba mtafiti amefafanua kauli yake. Yaani msomaji alielewa kwamba nimebadili maneno.

Mnaponyofoa "huenda" mnaondoa sehemu ya ukweli. Kukadiria kwa uangalifu ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Mvuvi anaelewa "huenda" kuliko mnavyodhani. Kila jioni anatia injini majini kwa kukadiria.

4. Mnatupambanisha.

Kuna redio iliyonialika kwenye kipindi kilichopangwa kama pambano. Upande mmoja mimi, nitetee kwamba joto ndilo linalopunguza samaki. Upande wa pili ofisa mstaafu, atetee kwamba ni nyavu haramu. Mtangazaji akawa mwamuzi na wasikilizaji wakapiga kura kwa ujumbe mfupi. Yule mzee nami tulishangaa, maana tulikuwa tunakubaliana karibu kila kitu, na kadiri tulivyokubaliana ndivyo mtangazaji alivyokosa raha.

Wanasayansi wana mabishano ya kweli juu ya jambo hili, wala si siri. Baada ya tafiti hizo za 2003, watafiti waliolifahamu ziwa kutokana na mradi mkubwa wa miaka ya 1990 walijibu kwamba takwimu za samaki waliovuliwa zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya tabianchi. Hoja yao ina uzito: meli za viwanda ziliondoka, wavuvi wadogo wakaongezeka, taa zikabadilika, na mavuno yakabadilika kwa sababu hizo. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakachapisha kazi nyingine ya tope, iliyotazama mabaki ya samaki na konokono, ikaonyesha kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri, sambamba na kupanda kwa joto. Nayo haikusema uvuvi uliokithiri hauna madhara. Ziwa linalozalisha kidogo linavumilia uvuvi mdogo kuliko ziwa linalozalisha sana. Joto linapunguza chakula cha samaki, kokoro, mojawapo ya hizo nyavu haramu, linaondoa samaki wachanga, na samaki ni yule yule.

Mkiyageuza haya kuwa mechi, kila mmoja anaondoka na upande anaoutaka. Mwenye kokoro anasema hata wataalamu wamesema ni jua. Kiongozi asiyetaka kusikia habari za tabianchi anasema tatizo ni ukaidi wa wavuvi, kamata nyavu, choma moto. Nimewasikia wote wawili wakinitaja mimi kuwa shahidi wao.

5. Mgeni rasmi anakula nafasi yote.

Tunapotoa matokeo ya utafiti kwenye warsha, mnakuja. Kesho yake naisoma habari: mgeni rasmi amefungua warsha, mgeni rasmi amewataka wananchi kutunza mazingira, mgeni rasmi ameipongeza taasisi. Matokeo yenyewe, ambayo vijana wetu wameyapata kwa kulala ziwani kwenye mawimbi, hayamo. Wapiga picha wanaondoka na msafara wa mgeni rasmi kabla mtafiti wa kwanza hajafungua kompyuta yake. Na kuna bahasha ya fedha. Sote tunajua habari ya bahasha na sote tunanyamaza. Mwandishi ambaye nauli yake imelipwa na mwenye warsha hawezi kuuliza swali gumu kwa mwenye warsha, na mimi nahitaji maswali magumu. Nawahitaji mniulize nimejuaje, nimepima wapi, na kwa nini mwaka fulani hauna vipimo.

Hapa lawama si yenu peke yenu. Sisi wenye ajira za umma mara nyingi hatuwezi kusema bila kibali, na kibali kinafika habari ikiwa imeshalala. Halafu kuna hofu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa jinai kuchapisha takwimu zinazokinzana na za serikali. Mwaka 2019 jinai hiyo ikaondolewa, lakini hofu iliyokuwa imeingia maofisini haikufutwa na Bunge. Wakuu wa taasisi zetu nao wanasoma magazeti, na barua hii inawahusu.

6. Mlinifanya mimi kuwa niliyefunga ziwa.

Nchi nne za ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Kwa upande wetu uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Uamuzi ulikuwa wa serikali. Mimi sikuwa kwenye meza ile.

Chombo kimoja cha habari kilichukua mahojiano yangu ya zamani kuhusu joto la maji, kikaweka picha yangu juu ya habari ya kufungwa kwa uvuvi, na msomaji akatakiwa aunganishe mwenyewe. Aliunganisha. Nilipokea matusi kwenye simu kutoka kwa watu nisiowajua, mengi yakihusu umbo langu na ndoa yangu, maana mwanamke akitukanwa huwa hatukanwi kwa kazi yake. Hayo niliyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni kilichofuata mwaloni. Mmiliki mmoja wa chombo cha uvuvi, ambaye kwa miaka aliwaruhusu vijana wangu kupima samaki wake kila alfajiri kabla ya kuuza, aliwaambia wasisogee tena. Alisema, "Tukiwapa hesabu, mnaipeleka kutufungia." Vipimo vya mahali pale vikakatika. Mfululizo wa vipimo ukikatika haushoneki tena. Mwaka ule hautarudi ili tuupime.

Na katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali moja la maana. Miezi iliyofungwa ndiyo miezi ya upepo wa kusini, wakati ziwa linapochanganyika na chakula kinapopanda kutoka chini. Kuna habari ya kuandika hapo: upepo wa mwaka ule ulikuwaje, maji ya baridi yalipanda hadi wapi, mwani ulimea kiasi gani, na ziwa lilipofunguliwa Agosti wavuvi walikuta nini. Mvuvi aliyeambiwa kukaa bila kipato kwa miezi mitatu ana haki ya kujua kinachoendelea chini ya mtumbwi wake muda huo wote. Aliambiwa tarehe ya kufunga na adhabu ya kukiuka, basi.

7. Mnaliandika ziwa kama vile lina ukingo mmoja.

Habari za ziwa letu zinatufikia kwa njia ndefu. Utafiti unatoka kwa Kiingereza, shirika la habari la Ulaya linaufupisha, nanyi mnatafsiri ule ufupisho. Wakati huo huo ng'ambo yetu, Kongo, kuna Uvira na Kalemie ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, na Bujumbura ambako mwandishi wa Kigoma anaweza kuhoji gati zima bila mkalimani.  Wavuvi wa Kalemie wameona nini miaka hii? Migebuka wanapatikana kina gani? Wazee wa ng'ambo wanasema nini kuhusu upepo? Wavuvi mnawahoji wanapolalamika tu. Mimi nawahoji kama mashahidi, kwa sababu mtu aliyetega taa ziwani tangu ujana anajua msimu uliohama kabla kifaa changu hakijaonyesha.

Sasa maombi yangu. Si mengi, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Naomba kila chumba cha habari kinachotangaza kandokando ya ziwa kiwe na kalenda ya ziwa. Mei upepo unapoanza, leteni mwandishi. Septemba unapokoma, mleteni tena, na ikiwezekana awe yule yule. Akija mara mbili ataweza kulinganisha, na mwaka wa pili hatanihitaji nimweleze upya. Akitaka kuzungumza na wavuvi wa dagaa mchana bila kuwanyima usingizi, aje wakati wa mbalamwezi, siku ambazo taa hazivuti samaki na vyombo vimepumzika. Hayo ni maarifa ya kawaida hapa, lakini naona kila mara mwandishi anashushwa mwaloni saa nne asubuhi ya siku za giza, anakuta watu wamelala, anaandika kwamba mwalo umekuwa kimya kwa kukosa samaki.

Naomba mmsomee mtafiti namba na kichwa cha habari kabla ya kuchapisha. Siombi kuhariri habari yenu. Mkiniona nimekosea, andikeni. Mkiona naficha kitu, chimbeni. Naomba tu namba niliyoitoa itoke na neno lililokuja nayo. Na sahihisho likihitajika, litoke ukurasa ule ule na kwa herufi zile zile za kosa, likisema gazeti ndilo lililokosea.

Naomba redio, hasa redio za jamii za kandokando ya ziwa hili, zitenge muda wa ziwa katika miezi ya kufungwa uvuvi, jioni, saa ambazo mvuvi angekuwa anaandaa taa zake na sasa amekaa nyumbani. Robo saa kwa wiki: vipimo vya joto, upepo, na maswali ya wavuvi wenyewe yajibiwe na mtu aliyepima. Msituweke na mpinzani wa kutengenezwa. Tuwekeni na mvuvi mwenye maswali.

Naomba wahariri wa pande zote mbili za maji washirikiane habari moja kwa mwaka, iandikwe kutoka Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu kwa pamoja. Mkataba wa kulisimamia ziwa hili kwa pamoja ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yake iko Bujumbura. Wanasiasa waliweza kukaa pamoja. Waandishi wanaoongea lugha moja hawashindwi.

Na picha ya mtafiti isiwekwe juu ya uamuzi asioufanya. Hili siliombi. Hili ni haki.

Yanayotegemea haya si heshima yangu. Ule utafiti wa O'Reilly wa 2003 ulieleza kwamba samaki wa ziwa hili walikuwa wakiwapatia watu wa nchi zinazolizunguka kati ya asilimia 25 na 40 ya protini ya wanyama waliyokula. Dagaa wa hapa wanapanda treni hadi Tabora na zaidi. Mtoto wa Kasulu asiyewahi kuliona ziwa anakua kwa dagaa. Uzalishaji ukishuka na hakuna aliyewaandaa watu, bei itapanda kwanza kwa wale wanaonunua fungu la shilingi chache, na mvuvi atalaumiwa peke yake kwa jambo ambalo sehemu yake inatoka angani, kwenye moshi ambao yeye hakuutoa. Serikali zetu zinapokwenda kwenye mikutano ya dunia kudai fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, zinaulizwa ushahidi. Ushahidi ni ile mifululizo ya vipimo inayokatika mvuvi anapotufukuza. Na anatufukuza kwa kile alichosoma kwenu.

Mimi kwa upande wangu natoa hiki: nafasi kwenye boti yetu kwa mwandishi yeyote atakayeomba, jaketi la kujiokolea, na takwimu zetu pamoja na mapengo yake yote yakiwa wazi. Bahasha haipo. Chakula ni ugali na dagaa, na tunaondoka usiku ili tufike kituo cha kupimia kabla ya jua. Atashusha kamba ya vipimajoto kwa mkono wake, ataona namba zinavyobadilika kadiri kamba inavyozama, kisha ataandika atakachoona yeye.

Upepo unaanza Mei. Naomba majibu yenu kabla ya hapo, na ningependa majina ya waandishi mtakaowatuma yanifikie mapema ili nipange safari.

Wenu katika kazi,

Mtafiti wa maji baridi na tabianchi
Kigoma